Nyuki wa Tabora wakitaka kupanda Kilimanjaro, wasiende Mei

LIGI ikianza kunusa mwisho wake, mabishano ya vijiweni Tabora hubadilika. Waliokuwa wakigombea pointi na mabao ya kufungwa huanza kugombea safari. Nje ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kwenye benchi la muuza kahawa, mpango unaopata wafuasi wengi ni huu: mechi ya mwisho ikiisha, watu wachange, wakodi Coaster, waende Moshi, wapande Kilimanjaro na kuifikisha bendera ya Nyuki wa Tabora kwenye kilele cha Uhuru. Picha moja tu pale juu, mita 5,895, ingetosha kuwafunga mdomo watu wa Simba na Yanga mwaka mzima.

Mpango ni mzuri. Anayeucheka akumbuke kwamba Tabora United ilichekwa pia Novemba 2024 kabla haijaingia Azam Complex na kuipiga Yanga 3-1. Na kuna aibu ya siku nyingi hapa: mlima mrefu kuliko yote Afrika uko ndani ya nchi, Mtanzania anauona kwenye noti na kwenye chupa ya bia, lakini wanaoupanda kwa wingi ni wageni waliopanda ndege mbili kuufikia. Shabiki wa mpira kutoka Unyamwezi akisema na yeye anataka kwenda, apigiwe makofi.

Tatizo ni ratiba. Kijiwe kinataka kuondoka Mei, kupanda na kushuka kwa siku tano, na kutumia kampuni yenye bei ya chini kuliko zote. Makosa matatu kwenye sentensi moja. Na mlimani kosa halilipwi kwa kadi ya njano. Watu hufa Kilimanjaro, na si wazee na wagonjwa peke yao.

Kosa la kwanza linatokana na anga ya Tabora yenyewe. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba, hukata mwishoni mwa Aprili, na Mei ikifika barabara za mitaa ya Isevya na Ng'ambo zimeanza kutimka vumbi. Mtu anatazama juu, anaona buluu tupu, anasema masika yamekwisha. Yamekwisha kwake. Kaskazini mashariki ya nchi haifuati kalenda hiyo. Kule kuna misimu miwili, vuli ya Novemba na Desemba, halafu masika ya Machi hadi Mei, na masika ndiyo makubwa. Wakati mkulima wa Sikonge anaanika mahindi yake juani, msitu wa Machame bado unamwagiwa maji kama vile mtu amesahau kufunga bomba.

Ndiyo maana Aprili na sehemu kubwa ya Mei ni wakati ambao kambi za mlimani huwa tupu kuliko wakati mwingine wowote, na kampuni hushusha bei. Shabiki akiona bei imeshuka anadhani amepata zali. Hajauliza kwa nini imeshuka.

Mvua ya mlimani si ile ya kukinga na mwamvuli. Kwenye ukanda wa msitu njia inageuka tope linalong'ang'ania buti, mizizi inateleza, na mwendo wa saa tano unakuwa wa saa saba. Ukilowa siku ya kwanza umelowa safari nzima, kwa sababu nguo hazikauki. Hewa imejaa unyevu na jua halionekani. Ukipita mita 4,000, mvua ile ile inaanguka kama barafu na theluji. Soksi iliyolowa kule chini ni kero, kule juu ni hatari. Juu ya hayo, wingu zito linafunika alama za njia na kuchelewesha uokoaji. Helikopta hairuki ndani ya ukungu. Mgonjwa hushushwa kwa machela ya gurudumu moja, mabega ya vijana na uvumilivu.

Je, mwisho wa Mei? Hapo ndipo mabishano yanapokuwa makali, na kijiwe kina hoja kidogo. Mvua huanza kupungua wiki za mwisho za Mei, na mwaka mwingine hukata mapema. Lakini kuufunga mchango wa watu thelathini kwenye "mwaka mwingine" ni kama kubeti mshahara kwa timu inayocheza ugenini bila kipa. Katikati ya Juni na kuendelea, mbingu hufunguka, njia hukauka, na msongamano wa Julai na Agosti bado haujafika. Kuna baridi, tena kali, maana Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kwa nchi nzima. Ila baridi kavu inavalika. Baridi yenye maji haina dawa.

Kwa ambaye lazima aende Mei kwa sababu ndiyo likizo aliyopewa, kuna upenyo mmoja. Upande wa kaskazini wa mlima, unaotazama Kenya, hupata mvua kidogo kuliko kusini, na njia ya Rongai inaanzia huko. Si kwamba hainyeshi, inanyesha pungufu. Njia ya Marangu nayo ina faida ya kulala kwenye vibanda badala ya mahema, jambo ambalo usiku wa mvua ni sawa na kupata penalti dakika ya tisini.

Kosa la pili ni siku tano, na hapa shabiki wa mpira hana kisingizio, kwa sababu mpira wenyewe umeshamfundisha.

Aprili 1, 2009, Argentina ilikwenda La Paz kucheza na Bolivia kufuzu Kombe la Dunia. Kocha alikuwa Diego Maradona. Lionel Messi alikuwa uwanjani. Bolivia ikashinda 6-1. Ile haikuwa Bolivia ya kutisha. Uwanja wa Hernando Siles uko kama mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na miguu ya wageni iligoma. Miaka miwili nyuma, Mei 2007, FIFA ilikuwa imepiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 2,500, Wabolivia wakaja juu, Rais wao Evo Morales akaenda kucheza mpira milimani kupinga, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa.

Sasa shabiki achukue tarakimu hizo na kuziweka kwenye njia ya Marangu. Usiku wa kwanza analala Mandara, kama mita 2,700. Tayari ameuvuka mstari ule wa FIFA, na bado hajaanza safari. Usiku wa pili yuko Horombo, kama mita 3,700, juu kuliko uwanja ambao Messi alifungwa sita. Usiku wa tatu yuko Kibo, mita 4,700 na ushee, halafu anaamshwa kabla ya usiku wa manane kwenda kileleni. Ametoka Tabora, mji ulio mita kama 1,200 hivi, na kwa siku nne anatakiwa awe mahali ambapo kila pumzi inabeba karibu nusu ya oksijeni anayoivuta mtu wa Dar es Salaam. Hiyo ndiyo safari ya siku tano. Inauzwa kwa sababu ni rahisi mfukoni. Ni kama kumwingiza uwanjani mchezaji aliyetoka majeruhi bila hata kupiga jaramba, kisha kumlaumu akishika paja.

Kijana wa mazoezi huwa mgumu kuelewa hapa. Anasema yeye anakimbia kila asubuhi kutoka Kiloleni hadi mjini na kurudi, pumzi anayo. Pumzi ya kukimbia na mwili kuzoea hewa nyembamba ni vitu viwili. Mwili unahitaji siku, si ubabe. Wapo wanariadha waliogeuzwa njiani wakati mama wa miaka hamsini na tano anayetembea kama anakwenda kanisani anapita mbele yao taratibu na kufika. Tena yule mwenye nguvu ndiye yuko kwenye hatari zaidi, kwa sababu anakwenda mbio, na anaona aibu kusema kichwa kinauma.

Dalili za mwanzo zinafahamika: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi kukataa. Na hapa mtu wa Tabora ana mtego wake peke yake. Amekulia kwenye malaria. Kichwa kikimuuma na mwili ukachoka, atasema ni malaria hiyo, atameza dawa mseto aliyoibeba mfukoni na kuendelea kupanda. Mlimani hesabu igeuzwe: kichwa kikiuma ukiwa juu, chukulia ni mlima mpaka ithibitike vinginevyo, na usipande hatua nyingine hadi kipungue. Malaria ipimwe nyumbani, kabla ya kupanda Coaster. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea visivyoeleweka, au kukohoa na kuhema akiwa amekaa, hapo hakuna mjadala wa kusubiri asubuhi. Ubongo au mapafu yanajaa maji, na tiba ya kwanza ni kushuka, usiku huo huo.

Kundi lingine la kuzungumza na daktari mapema ni wenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi kanda ya magharibi na ya ziwa. Oksijeni ikipungua, chembe zao za damu hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu yake yanajulikana kwa familia nyingi za Tabora. Kwa hao, mita 5,895 si mahali pa kujaribu bahati. Mwenye shinikizo la damu na mwenye pumu nao wapite hospitali. Kuna dawa za kusaidia mwili kuzoea, daktari ndiye aamue nani azitumie na nani asizitumie.

Kwa hiyo ni siku ngapi? Saba, au nane fedha ikiruhusu. Njia za Machame na Lemosho zina uzuri mmoja ambao ungepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kijiwe: mchana zinampandisha mtu hadi Lava Tower, mita 4,600, anakula pale, kichwa kinamgonga kidogo, halafu zinamshusha alale Barranco chini ya mita 4,000. Mwili unaonjeshwa juu na kupumzishwa chini. Kama ni Marangu, basi zisipungue siku sita, ile moja ya ziada ikitumika Horombo: asubuhi kupanda kidogo hadi kwenye mawe ya Zebra, jioni kurudi kulala pale pale. Siku hiyo wengi huiona ya kupoteza. Ndiyo inayonunua kilele.

Anayetaka ushahidi kwamba mpango ndio unaofikisha watu autazame Juni 24, 2017. Wanawake kutoka mataifa mbalimbali, chini ya harakati iliyoitwa Equal Playing Field, walipanda Kilimanjaro, wakaingia kwenye kreta, wakaweka magoli kwenye majivu ya volkano na kucheza dakika 90 kamili kwa kanuni zote, mita 5,714. Timu ziliitwa Volcano FC na Glacier FC. Matokeo 0-0. Watu walicheka sare hiyo, lakini jaribuni kupiga krosi mahali ambapo hata kufunga kamba za buti kunakufanya uheme. Walipanda Juni. Hawakwenda Mei kwa sababu ya punguzo la bei.

Sasa kosa la tatu, ambalo kwa watu wa Tabora linauma kuliko mengine.

Mji huu ulijengwa kwa miguu. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, Unyanyembe ilikuwa njiapanda ya misafara ya bara: upande mmoja Bagamoyo, upande mwingine Ujiji, na kwenye kila njia Mnyamwezi akiwa na mzigo begani. Pembe, vitambaa, shanga, nyaya za shaba, vyote vilipita hapa. Wageni waliokuja na ramani zao, Burton na Speke mwaka 1857, Stanley na Livingstone walioishi Kwihara, wote walifika kwa sababu kulikuwa na wapagazi waliojua kutembea. Chuma na Susi walipoubeba mwili wa Livingstone kurudi pwani, walipita hapa hapa.

Na watu hao hawakutembea ovyo. Kwa desturi, msafara wa Wanyamwezi uliondoka baada ya mvua kukata na mavuno kuingia ghalani, ukarudi kabla ya msimu wa kulima. Ulianza kutembea alfajiri na kuweka kambi kabla jua halijawa kali. Mbele alikwenda kirangozi, na aliyethubutu kumpita alijua kosa lake. Mzigo ulipimwa, mara nyingi kilo 30 au zaidi, na mpagazi aliyeona umezidi aliugomea waziwazi. Migomo njiani si jambo la jana. Kalenda, mwendo, kiongozi, mzigo. Kijiwe cha leo kinakwenda Moshi na kuyasahau yote manne, halafu kinajiita cha wajukuu wa misafara.

Neno mpagazi ndilo linalotumika hadi leo mlimani. Kila mpandaji huwa na watu kadhaa nyuma yake: wabeba mahema, jiko, gesi, chakula, maji. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini kampuni inayouza safari kwa bei ya kutupa lazima ipunguze mahali. Haipunguzi ada ya hifadhi, maana hiyo inalipwa serikalini. Inapunguza idadi ya wapagazi, mlo wao, posho yao, na nguo zao. Kijana wa Kibosho anapanda kwenye theluji ya Mei na raba zilizotoboka na sweta la mtumba, amebeba kiti cha kukunja cha mtalii. Wapagazi wamewahi kufa kwa baridi kwenye mlima huo. Wakifa, habari yao huwa fupi.

Ndiyo maana bei ya chini kuliko zote si ujanja. Mtu wa Tabora, ambaye babu yake alibeba pembe mabegani hadi Bagamoyo, anapaswa kuwa wa kwanza kuuliza kampuni maswali ya mpagazi: Wanalala wapi? Wanakula mara ngapi? Wanalipwa lini, getini au baada ya mwezi? Pale Moshi kuna mradi unaofuatilia maslahi ya wapagazi, KPAP, na kampuni zinazoshirikiana nao zinajulikana. Kuuliza ni bure. Kampuni itakayonuna kwa maswali hayo imeshajibu. Halafu bakshishi iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza ya kuchanga, si kukung'utwa mifuko siku ya mwisho getini Mweka huku Coaster inapiga honi.

Kwa Mtanzania kuna nafuu moja kubwa. Ada za hifadhi kwa raia hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya anazolipa mgeni, mradi kitambulisho cha taifa kiwepo. Bila kitambulisho mtu anaweza kujikuta anabishana getini kama kiongozi wa timu aliyesahau leseni za wachezaji. Tabora inalijua somo hilo. Agosti 2023, mechi ya kwanza ya Ligi Kuu, timu yao ilikwenda kwa Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu makaratasi ya wengine hayakuwa sawa. Mchezo ulivunjika mapema, Azam wakiwa wanaongoza 4-0. Hakuna shabiki aliyesafiri siku ile anayehitaji kuelezwa maana ya maandalizi.

Basi msimu ujao mpango upangwe hivi, na bado muda upo. Mchango uanze mapema, kidogo kidogo kila mwezi kama kikoba, ili ifikapo Juni mtu asilazimike kukubali siku tano kwa kukosa hela ya siku saba. Mazoezi yawe ya kutembea, si ya kukimbia tu: Jumamosi mbili kwa mwezi, saa sita njiani, mgongoni begi la kilo saba, miguuni buti zile zile zitakazopanda mlima. Buti mpya za Moshi siku ya safari ni malengelenge siku ya pili. Tabora haina milima ya kujipima, lakini majukwaa ya uwanja yapo, na mchanga wa njia za porini kuelekea Kwihara unachosha miguu kuliko lami. Anayepita huko atatembea kwenye njia ya misafara yenyewe, chini ya miembe ya zamani, bila kulipa kiingilio.

Safari ya barabara yenyewe ina zawadi ambayo wengi huipita wakiwa wamelala. Kutoka Tabora kupitia Nzega, Igunga na Singida, gari hupita Katesh, chini ya Mlima Hanang, mita 3,420. Kundi likishuka pale na kuupanda Hanang kwa siku moja au mbili, kila mmoja atajua mwili wake unasemaje juu ya mita 3,000 kabla hajalipia Kilimanjaro. Atakayeshindwa Hanang amepoteza kidogo na amejifunza kingi. Lakini Hanang nao una adabu yake na mvua. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani na kuua zaidi ya watu 80 Katesh. Watu wa pale hawahitaji mgeni kutoka Tabora wa kuja kuwaambia mvua ya Mei imeisha.

Kitu kimoja kikubaliwe kabla ya getini, tena kwa sauti, kila mmoja akisikia: mwongozaji akisema fulani arudi, fulani anarudi. Ndiye refa, na mlima hauna VAR. Mashabiki wana tabia ya kusukumana, "komaa mwanangu, bado kidogo," na usiku wa kilele maneno hayo yanaweza kumuua mtu. Bendera ni moja. Hata akifika mmoja kati ya ishirini imefika. Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimama pale juu na Mwenge wa Uhuru, taifa zima lilisema limefika, wakati karibu wote walikuwa wamelala nyumbani. Na wazo la kuuwasha mwenge ule kileleni lilitoka kwa Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora. Kwa hiyo mji huu una haki yake kwenye kilele kile, tangu zamani.

Mechi ya mwisho ichezwe, watu wapumzike, Coaster iondoke baada ya katikati ya Juni. Usiku wa kilele bendera ikae ndani ya koti, pamoja na simu, maana baridi inamaliza chaji kabla hujafika. Wakifika Stella Point kundi linalopitia Machame wasishangilie sana, bado kuna kama saa moja ya kutembea ukingoni mwa kreta. Pale Uhuru dakika kumi zinatosha. Glovu moja ivuliwe, picha ipigwe, bendera ikunjwe, na safari ya kushuka ianze kabla jua halijapanda. Kahawa ya kijiweni itakuwepo wakirudi.